Sheria ya Kutomwona Mtafiti

Katika nchi moja ambayo siwezi kuitaja jina, kwa kuwa waziri anayetoa vibali vya kutaja majina yuko safarini, Rais alirudi kutoka ughaibuni akiwa na huzuni. Waliompokea uwanja wa ndege walidhani ni tumbo. Halikuwa tumbo. Kwenye karamu huko alikokwenda, Rais mwenzake alimgeukia na kumwuliza kwa upole tu, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi:

"Hivi watu wako wanaishije?"

"Wanaishi vizuri," Rais wetu akajibu.

"Naam. Lakini wanaishije? Wakishaamka, wanafanya nini?"

Rais wetu akafikiri. Alijua wanachofanya wakimpokea: wanapeperusha vibendera. Alijua wanachofanya siku ya kura. Lakini kati ya kura na vibendera palikuwa na muda mrefu, na muda ule hakuwa na taarifa nao. Akala samaki wake mpaka karamu ikaisha.

Wiki hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Maisha ya Kila Siku. Akateuliwa Mheshimiwa Daktari Kitojo, aliyekuwa Waziri wa Mifugo. Alipoapishwa alisema anashukuru sana, na kwamba hatapata tabu kwa sababu kazi zinafanana. Mimi sikuwepo, lakini walionisimulia wanasema alisema kwa nia njema.

Wizara ilianza na maswali ya kujaza. Swali la kwanza lilikuwa: "Je, wewe ni mtu wa kawaida?" Wengi waliandika, "Inategemea nani anauliza." Swali la pili: "Kwa wiki unacheka mara ngapi?" Hapo watu waliacha wazi, kwa kuhofia kwamba kicheko kinakaribia kutozwa kodi. Wizara ikajumlisha, ikatangaza kwamba wananchi si wa kawaida na hawacheki, ikaomba bajeti iongezwe.

*

Jambo la vibaraza lilitoka kwa Waziri wa Kazi. Alisimama bungeni akasema: "Mheshimiwa Spika, nimepita mitaani asubuhi nikiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Nikaona kwa macho yangu mwenyewe wananchi wamekaa kwenye vibaraza vya nyumba zao. Nikarudi jioni. Mheshimiwa Spika, walikuwa bado wamekaa! Wanafanya nini pale?"

Wabunge wakagonga meza kwa muda mrefu. Wengine walikuwa wamekaa tangu uchaguzi uliopita, lakini hilo halikuwa kwenye ratiba.

Ikaamuliwa kichunguzwe kibaraza kimoja kwa niaba ya vyote. Ikithibitika kwamba juu yake hakifanyiki kitu, kivunjwe, na vingine vyote nchini vifuate. Bahati nasibu ikachezeshwa, na jina lililotoka ni la Bi Zawena wa Mtaa wa Makorongo.

Bi Zawena ni mjane, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Kibaraza chake ni benchi la saruji lililoambatana na ukuta wa mbele, chini ya upenu wa bati, refu kiasi cha kukaa watu wanne wanaopatana au watatu waliogombana. Marehemu mumewe alilijenga kwa mikono yake, na upande mmoja umezama kidogo kwa sababu siku ile alikuwa na homa na hakutaka kuambiwa. Asubuhi Bi Zawena huuza vitumbua hapo. Baada ya hapo hakuna biashara. Watu hukaa tu.

Habari ilipofika, Bi Zawena aliketi mahali pake, upande uliozama, akaweka kiganja juu ya saruji.

"Wakikivunja nitakaa ndani," alisema. "Nikikaa ndani nitaongea na sufuria. Na mimi najijua. Sufuria itanijibu."

Tulikuwa watatu pale: mimi, Mzee Tindo, aliyestaafu ukarani wa mahakama, na Chuma, fundi baiskeli, ambaye hutengeneza baiskeli ng'ambo ya barabara lakini hukaa upande huu.

"Basi tuonekane tunafanya kitu," Chuma akasema.

"Kitu gani?" akauliza Mzee Tindo.

Tukafikiri mpaka adhuhuri. Hatukupata.

*

Mtafiti aliyepangiwa kibaraza chetu aliitwa Daktari Mlacha. Alikuwa kijana mwembamba, mtaratibu, aliyesomea ng'ambo namna ya kuwatazama watu bila kuwasumbua. Kule alifundishwa kwamba mtu akijua anatazamwa habaki kuwa yuleyule. Anakaa wima, anaficha mguu uliochanika kandambili, anaanza kusema "aidha" na "vilevile". Kwa hiyo mtafiti lazima asionekane.

Kule ng'ambo, mtafiti hufanya hivyo kwa kuzoeleka polepole, miezi na miezi. Wizara haikuwa na miezi. Bunge likapitisha kwa hati ya dharura Sheria ya Kutomwona Mtafiti. Kifungu chake kikuu kilisema kwamba mtu yeyote, wa cheo chochote, akikutana na mtafiti wa Wizara aliye kazini, hatamwona, na iwapo kwa bahati mbaya amemwona, atageuza uso pembeni.

Siku moja kabla, gari la matangazo likapita mtaani kwetu.

"Ndugu wananchi! Kesho asubuhi atakuja mtafiti wa siri! Amevaa suti ya kijivu, ana kiti cha kukunja cha buluu! Atakaa kwa Bi Zawena, upande wa kulia! Hamtamwona! Endeleeni na maisha yenu kama kawaida! Narudia, kama kawaida! Atakayekiuka ukawaida atachukuliwa hatua!"

Asubuhi akaja. Suti ya kijivu, kiti cha buluu. Sisi sote tukageukia ukuta. Akafika mbele ya kibaraza, akasimama, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kumbe mafunzo yote yale ya ng'ambo hayakuwa yamemtoa alichotiwa na mama yake.

Mtafiti wa siri akapiga hodi.

"Hodi hapa!"

Akajiziba mdomo, lakini hodi ilishatoka. Nikamtazama Bi Zawena. Shingo yake ilikuwa imekakamaa, na midomo inacheza. Mwanamke yule katika maisha yake hajawahi kuacha hodi ikae barazani bila kuitikiwa. Aliwahi kumkaribisha mwizi.

"Mzee Tindo," akanong'ona, macho ukutani, "sheria inasemaje?"

Mzee Tindo akakohoa kimahakama. "Sheria inakataza kuona. Kusikia haijagusa."

"Karibu!" Bi Zawena akapasuka, na pumzi ikamtoka yote. "Karibu, karibu sana! Sijui ni nani, lakini karibu!"

"Starehe, mama," mtafiti akaitika kwa sauti ndogo ya mtu asiyekuwepo. Akafungua kiti chake.

Siku ile hatukuzungumza neno. Utazungumza nini, nawe unatazamwa na mtu ambaye hayupo? Chuma alijaribu kusema "aidha", akaishia hapo. Jioni taarifa ya kwanza ikasomwa redioni: "Uchunguzi wa awali unaonesha kwamba kwenye kibaraza hakifanyiki kitu. Wahusika hata hawaongei."

Bi Zawena akazima redio yake.

Siku iliyofuata tukafanya kazi. Mzee Tindo alichambua kunde. Mimi nilisuka ukili, ingawa sijui kusuka. Chuma alileta baiskeli nzima, akaifungua yote, akaifunga yote, akaifungua tena. Tulizungumzia pamba na bei yake duniani. Jioni redio ikasema: "Imebainika kwamba kibaraza ni kiwanda kisicho na leseni."

"Tukikaa, kivunjwe," Chuma akasema. "Tukifanya kazi, kivunjwe. Labda tujaribu kulala."

"Tukilala watasema ni nyumba ya wageni," akasema Mzee Tindo, "na hiyo ina kodi yake."

*

Ukweli ni kwamba cha kwanza kuchoka kilikuwa kile kiti cha buluu. Siku ya tatu kilivunjika mguu. Daktari Mlacha akaanguka, na sisi, kwa kutii sheria, tukatazama pembeni huku machozi ya kicheko yakitutoka. Akainuka, akajifuta vumbi, akaangaza huku na huku. Kisha akaja taratibu akaketi kwenye kibaraza, mwishoni kabisa, kwenye saruji.

Bi Zawena alikuwa ameepua vitumbua. Akaweka viwili kwenye kisahani, akavisogeza pale mwishoni bila kutazama.

"Hivi naviweka hapa," akatangaza, "kwa ajili ya upepo."

Upepo ukala vyote viwili. Akaongeza viwili. Upepo ukala. Akamimina chai.

"Sukari kidogo, mama," Upepo ukasema.

Tangu hapo hatukumwita mtafiti tena. Tulimwita Upepo, na kwa vile hakuwepo, tulimsema mbele yake bila haya, na kweli hakuna raha kama hiyo.

"Leo Upepo umekuja na shati lisilopigwa pasi," Chuma alisema asubuhi moja.

"Hauna mke huo," akajibu Bi Zawena. "Upepo wenye mke hauli hivi. Nina mpwa wangu Kibaoni, mpole, anafundisha chekechea. Ningeujua ukoo wa Upepo ningesema neno."

Mwisho wa benchi, kalamu ikasimama. Upepo ukainamisha kichwa.

"Upepo huu naona unatoka bara," akasema Mzee Tindo. "Na watu wa bara wanatia sukari kwenye maharage."

"Si kweli!" Upepo ukaruka. "Ni upande wa magharibi tu! Kwetu hatutii!"

Mzee Tindo akatazama mbinguni. "Leo unavuma," akasema, tukacheka mpaka Chuma akaangukia spana zake.

Na hapo, bila sisi kukusudia, tukawa tunazungumza kama zamani. Habari za mgonjwa wa kona, za mtoto aliyezaliwa mtaa wa pili, za nani anahitaji kusaidiwa kubeba kitanda. Daktari Mlacha alikuwa na kila kitu mbele yake, lakini hakuwa akiandika. Mikono yote miwili ilikuwa na kitumbua.

*

Wizara ikashtuka kwamba taarifa zimekatika na kwamba mtafiti, alipopita ofisini kuchukua posho, alikuwa amenenepa. Ikatuma mtafiti wa pili amtazame mtafiti wa kwanza. Huyu alikuwa dada mmoja mwenye miwani. Kwa sheria, sisi hatukutakiwa kumwona, na Daktari Mlacha naye hakutakiwa kumwona, ingawa walisoma darasa moja. Naye akapiga hodi. Naye akakaribishwa. Kabla juma halijaisha akaja wa tatu, bwana mnene, kuwatazama wote wawili.

Benchi likajaa. Sisi tukawa tunasimama barabarani, tukiwatazama watafiti wamekaa. Walikuwa wameanza kuombana chumvi.

"Hawa watu wanafanya nini pale?" Chuma akaniuliza.

Nilitazama kwa muda. Sikutaka kuhukumu. "Wamekaa," nikasema.

Lakini huko Wizarani hapakuwa na taarifa yoyote zaidi ya zile mbili za kwanza: hakifanyiki kitu, na ni kiwanda bubu. Mheshimiwa Kitojo akazisoma zote mbili akaona zinakubaliana kwa jambo moja. Akaamuru katapila.

Bi Zawena hakulia. Asubuhi ya siku ile alikifagia kibaraza, akakipiga deki mpaka pembe iliyozama, akakaanga vitumbua vingi kuliko kawaida.

"Bi Zawena, unawapikia wanaokuja kukubomolea?" nikamwuliza.

"Wanakuja kwangu au hawaji kwangu?"

"Wanakuja."

"Basi."

*

Waziri alifika saa sita mchana, jua la utosini, akiwa na katapila, dereva wake aitwaye Sefu, na mtangazaji wa redio ya serikali aliyerusha kila kitu moja kwa moja. Alikuwa amevaa viatu vipya. Nasema hivyo kwa sababu viatu vile viliamua mengi.

Akasimama barabarani, akafungua hotuba.

"Ndugu wananchi! Taifa linalokaa ni taifa lisilosimama! Na taifa lisilosimama haliwezi kutembea, na lisipotembea, litafikaje? Nauliza, litafikaje?"

Hakuna aliyejua. Akaendelea. Ukurasa wa pili akaanza kusimama kwa mguu mmoja. Ukurasa wa tatu akabadilisha mguu. Jasho likamtiririka. Bi Zawena akashindwa kuvumilia.

"Baba, viatu hivyo vinakuua. Njoo ukae."

Waziri akageuka kutazama kibaraza. Watafiti watatu walikuwa wamekaa pale bega kwa bega. Lakini sheria ilisema mtu yeyote, wa cheo chochote, na aliyeiandika alikuwa yeye. Redio ilikuwa hewani. Kusema "pamejaa" kungekuwa kukiri kwamba amewaona.

"Naona," akasema polepole, "kibaraza ni kitupu."

"Kitupu kabisa, mheshimiwa," akasema Mzee Tindo.

Waziri akatembea mpaka kwenye benchi tupu, akageuka, akaketi juu ya mapaja ya Daktari Mlacha.

Daktari hakusogea. Angesogea angekuwa yupo. Akamkumbatia waziri kidogo tu, ili asidondoke.

"Kibaraza hiki ni laini," Waziri akaiambia redio.

"Mheshimiwa," akaita Sefu kutoka juu ya katapila, "nianze kubomoa upande gani?"

"Subiri nivue viatu."

Akavua. Vidole vikapata hewa, na uso wake ukabadilika ukawa wa mtu mwingine, mdogo wake labda. Bi Zawena akampa chai. Akampa vitumbua. Sefu akauliza tena aanze upande gani, akaambiwa asubiri chai iishe. Chai iliisha, lakini Bi Zawena ni mtu wa kujaza.

"Nyumbani wazima?" Mzee Tindo akauliza, kwa kuwa haifai mtu anywe chai bila kuulizwa.

"Wazima," akasema Waziri. Kisha akashusha pumzi. "Mama mkwe yupo. Alikuja wiki mbili."

"Zimebaki ngapi?"

"Alikuja kabla ya uchaguzi."

"Pole sana, mheshimiwa," akasema Chuma. "Wangu alikuja na jogoo."

"Jogoo?"

"Analala naye chumba kimoja. Jogoo, mheshimiwa, ndiye anayenisaidia. Akiwika, mama anamgombeza yeye, mimi napumzika."

Waziri akacheka. Alicheka kwa tumbo, na Daktari Mlacha chini yake akashindwa kujizuia, dada wa miwani naye, bwana mnene naye, benchi zima likatikisika, Waziri akarushwarushwa kama aliyepanda punda.

"Tetemeko?" akauliza, ameshika kikombe.

"Upepo tu huo," akasema Bi Zawena.

Sefu akazima injini ili asikie mazungumzo vizuri. Kisha akashuka, akapiga hodi, akaketi juu ya bwana mnene. Ikapita adhuhuri. Tukapata kujua kwamba Waziri ana goti linalotabiri mvua, kwamba alitaka kuwa mpiga zumari, na kwamba hajawahi kuwa na hakika kabisa Wizara yake inafanya nini. Bi Zawena akamshauri juu ya goti. Waziri alipouliza kama kuna mtu anaweza kumsaidia kuhamisha kabati, Chuma akasema Jumamosi atakuja.

Kivuli cha katapila kilipoufikia ukuta, mtangazaji akakohoa.

"Mheshimiwa, tuko hewani bado. Wasikilizaji wanapiga simu. Wanauliza, tangu saa sita mpaka sasa hivi, hapo mmefanya nini?"

Kikombe cha Waziri kikasimama njiani. Akatazama vikombe vyote. Akatazama viatu vyake vilivyolala barabarani. Akatutazama sisi. Nikamwona Bi Zawena ameweka tena kiganja juu ya saruji, pembeni ya mlango, akisubiri. Neno "hatukufanya kitu" lilikuwa mdomoni mwa Waziri, karibu kabisa. Lakini aliyekaa pale mchana kutwa bila kufanya kitu, nchi nzima ikisikiliza, alikuwa yeye.

"Nilikuwa," akasema, "kazini."

"Kazi gani, mheshimiwa?"

"Nimekaa." Akajinyoosha, sauti ya hotuba ikamrudia. "Ndugu wananchi! Kukaa kunakofanywa na waziri, kwa umakini na kwa muda wa kutosha, ni kazi!"

"Na kunakofanywa na sisi?" akauliza Mzee Tindo.

Waziri akafikiri. Ni mtu wa haki, kwa kiasi chake.

"Ni kazi hiyohiyo," akasema. "Ila haina posho."

Katapila likaondoka lilivyokuja. Daktari Mlacha hakuweza kuinuka, miguu yote imekufa ganzi. Ilibidi tumbebe mpaka kwenye gari, kwa shida, maana si rahisi kumbeba mtu huku umegeuza uso pembeni.

*

Wizara ilitoa ripoti yake kubwa, yenye jalada gumu. Matokeo yalikuwa sentensi moja: "Wananchi hukaa." Rais aliisoma, akafurahi. Nasikia kwenye karamu iliyofuata yeye ndiye aliyeanza. Alimgeukia mwenzake akasema, "Wanakaa." Yule akaomba kalamu ili asisahau.

Sheria ya Kutomwona Mtafiti haijafutwa. Waziri anayehusika na kufuta yuko safarini.

Jumamosi moja asubuhi alikuja kijana kwa Bi Zawena, shati la kawaida, limepigwa pasi, hana kiti wala kalamu. Akasimama mbele ya kibaraza kama mtu aliyepotea njia.

"Hodi hapa!"

Bi Zawena akageuka. Hakugeukia ukutani safari hii. Akamtazama waziwazi, kuanzia nywele mpaka viatu, kwa mara ya kwanza.

"Karibu, mwanangu. Kumbe una sura."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watoka wapi? Ukoo gani? Pita, ukae, mpwa wangu yuko ndani anachuja tui." Kijana akasogea mahali pake pa zamani, mwisho wa benchi, akainama kuketi. Bi Zawena akamdaka mkono. "Si hapo. Hapo pana mtu."

Kijana akatazama. Palikuwa na kisahani chenye vitumbua viwili, na hapakuwa na mtu.

"Nani, mama?"

"Upepo."

Daktari Mlacha akafikiri kidogo. Kisha akasogea akaketi karibu na Mzee Tindo, na kwa kuwa ni mtu anayetii sheria, akageuza uso pembeni.